Jigi, besi wa Naivasha na kidole kisichohisi

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na itakuja, lakini leo mnivumilie kidogo nizungumzie samaki. Ndani yake kuna saketi, kuna programu niliyoandika ikashindwa kazi, na kuna hesabu kidogo, kwa hiyo wale wa teknolojia msiondoke bado.

Mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa ndani ya mashua kwenye Ziwa Naivasha, mimi na baba yangu. Yeye amekaa mbele, mimi nyuma, na katikati yetu kijana mwenye mashua, ambaye baba humwita kapteni. Baba alikuwa amekata jigi moja kwenye mti uliozama na alikuwa anafunga nyingine. Nikaona damu. Haikuwa nyingi, ni vidoadoa tu kwenye ule mshipi wa manjano, kama mtu aliyejaribu kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Baba, mkono." Akatazama maji, akidhani nimeona samaki. Nikamwambia tena, "Baba, tazama mkono wako." Ndoana ilikuwa imeingia kwenye kidole gumba cha kushoto, imezama mpaka kile kijino cha nyuma kinachozuia samaki asichomoke, na yeye alikuwa anaendelea kuzungusha fundo kwa utaratibu kabisa. Hakuwa na habari. Alipoiona alicheka, halafu akanyamaza.

Mzee ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi sasa. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile iliyo mirefu zaidi, yaani ya miguuni, ndipo ipande na kufika kwenye vidole vya mikono. Daktari alitueleza kwa mfano wa soksi na glavu: sehemu inayofunikwa na soksi hufa ganzi kwanza, kisha ile ya glavu. Tulijua habari ya miguu, ndiyo maana nyumbani haruhusiwi kutembea pekupeku hata kutoka kitandani mpaka bafuni. Habari ya mikono alikuwa ameificha. Na kidonda kwa mtu wa sukari si jambo la kufunga kitambaa na kuendelea, kwa sababu hupona polepole na huoza haraka.

Mama aliposikia alisema maneno mawili tu, "Imetosha sasa." Nyumbani kwetu Lanet mama hapigi kelele, na akisema kwa sauti ya chini ujue hukumu imeshatoka.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili lilikuwa zito, maana kuna msomaji atauliza kwani samaki hawauzwi sokoni.

Sisi wa Lanet tuna Ziwa Nakuru karibu kabisa, lakini liko ndani ya hifadhi ya wanyama na huwezi kwenda huko na ndoana yako. Elementaita ni maji ya magadi. Kwa hiyo maji matamu yaliyo karibu ni Naivasha, kama kilomita 60 hivi, unasimamisha matatu barabara kuu, unapita Mbaruk na Gilgil, na ukitoka gizani unafika ziwani jua likichomoza. Baba alifanya kazi ya ufundi wa pampu kwenye shamba moja la maua kando ya ziwa hilo kwa miaka mingi. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia fimbo na kisanduku cha jigi, na kuanzia hapo kila Jumamosi ya baba ilikuwa na mwenyewe. Alipostaafu tukahamia Lanet, lakini Jumamosi haikuhama. Mimi nilifundishwa kuvua kabla sijafundishwa kuendesha baiskeli. Tangu nianze kazi ya programu, ambayo ni kukaa chumbani na kuongea na watu kupitia skrini, hiyo safari ya Naivasha ndiyo mahali pekee ambapo mimi na mzee huzungumza kwa zaidi ya dakika tano. Mkinielewa hapo basi.

Haya, jigi ni nini? Ni ndoana moja kubwa iliyomiminiwa kichwa cha risasi, yaani ile madini nzito na si ile ya bunduki. Kwa hiyo chubwi na ndoana ni kitu kimoja. Kwenye shingo hufungwa sketi ya nyuzi za mpira, hamsini hivi, ambazo ndani ya maji hupumua zenyewe hata ukiwa umetulia. Mbele ya ncha ya ndoana huwekwa kifagio kidogo cha nyuzi ngumu za plastiki, ili ndoana ipite kwenye matawi na majani bila kunasa, lakini mdomo wa samaki ukibana kile kifagio kinalala na ncha inajitokeza. Mwisho unaongeza mkia wa plastiki laini wenye makucha mawili. Tofauti na chambo kingine, jigi yenyewe haifanyi chochote. Haina bawa la kuitikisa wala pangaboi la kumeremeta. Kila kitu kinatoka kwenye mkono wako, na kila habari inarudi kwenye mkono wako.

Anayetafutwa ni samaki mwindaji. Pale Naivasha ni yule mwenye mdomo mpana kutoka Marekani, ambaye wenyeji humtaja kwa jina lake la Kiingereza. Mimi nitaandika besi, maana nikiandika basi mtadhani nangoja gari. Aliletwa ziwani mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliotaka mchezo wa kuvua. Karibu samaki wote wa kuvuliwa Naivasha ni wageni, wakiwemo tilapia, na samaki mdogo wa asili aliyekuwepo alitoweka kabisa miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, wenye makucha mekundu, wale ambao watoto wa Karagita huwajua vizuri. Kwa mvuvi wa jigi hiyo ndiyo bahati yake, kwa sababu besi anampenda kamba kuliko chakula kingine chochote, na jigi yenye sketi ya kahawia na mkia wa makucha ni kamba mtupu. Kama kuna ziwa Afrika Mashariki lililotengenezewa jigi kwa bahati mbaya, ni hilo.

Halafu karibu na mwaka 2000 akaingia kapi, yule samaki wa magamba makubwa anayechimba matope akitafuta chakula. Ndani ya miaka kumi akawa ndiye anayejaza nyavu. Besi huwinda kwa macho, na kapi huchafua maji, kwa hiyo mnaweza kuona mgogoro. Wapo wanaosema besi amekwisha. Hajaisha, ila siku hizi unamtafuta. Na pa kumtafuta ni kwenye miti. Maji ya Naivasha yalipanda sana, hasa mwaka 2020, yakafurika mpaka kwenye makazi ya watu kama Kihoto, na migunga iliyokuwa nchi kavu ikafia majini ikiwa imesimama. Ukiwa mbali inaonekana kama mkutano wa mifupa. Kwa besi hiyo ni nyumba. Hujificha kwenye kivuli cha shina akisubiri kitu kianguke mbele yake, na kitu hicho sisi ndio huwa tunakiangusha.

Ufundi wenyewe nitaueleza kama baba alivyonifundisha, na wale wajuzi watanisahihisha. Hurushi kwa nguvu. Unashika jigi kwa mkono wa kushoto (sasa mnaona ndoana iliingiaje gumbani), unaiachia ikaruka chini chini karibu na uso wa maji kama mtu anayerusha sarafu kwenye bakuli, itue kando ya shina bila kelele. Unafungua koili ili mshipi utoke huru, jigi ishuke wima. Ukiikaza mapema itarudi kwako kwa mshazari kama bembea na itaondoka kwenye nyumba ya samaki. Ikigusa chini unasubiri. Halafu unainua ncha ya fimbo kiasi cha shibiri, unaiacha ishuke tena. Kamba akitishwa hurudi nyuma kwa kupiga mkia, makucha juu, kisha hutua, kwa hiyo na wewe fanya hivyo hivyo, ruka na kutua, ruka na kutua, na katikati usubiri zaidi ya unavyotaka. Ukihisi kitu, unakunja mshipi uliolegea haraka, kisha unavuta fimbo juu kwa nguvu moja, kwa sababu ndoana ya jigi ni nene na haiingii kwa kubembelezwa.

"Ukihisi kitu." Hapo ndipo penye shida yetu yote. Besi hamumi chambo kama mbwa anavyouma. Hufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa kasi na kamba akaingia nayo, jambo la sehemu ndogo ya sekunde. Na akigundua kuwa kamba huyu ana ladha ya risasi anamtema kwa kasi ile ile. Unachopata wewe juu ni "tik" moja, kama mtu aliyegonga meza ya chumba cha pili kwa ukucha. Baba alikuwa anaisikia kwenye ncha ya kidole cha shahada, ambacho huweka chini ya mshipi mbele ya koili. Kidole hicho sasa ni kama cha glavu. Kumbe mwaka mzima wa nyuma nilipokuwa namwambia samaki wamekuwa wachache, na yeye anakubali, samaki walikuwa wanachukua na kutema, na yeye amekaa pale akijua fika kwa nini. Hilo liliniuma kuliko ndoana.

Basi nikafanya wanachofanya watu wa kazi yangu. Nikasema, hisia ni data, na kama kihisi kimeharibika tunabadilisha kihisi.

Nilinunua kile kidude maarufu cha kupima mtikisiko na mzunguko, MPU-6050, ambacho kinauzwa bei ya chakula cha mchana, na bodi ndogo ya ESP32. Kihisi nikakifunga kwenye fimbo juu ya koili kwa utepe wa mafundi umeme, nyaya tatu nne zikashuka mpaka kwenye kisanduku cha plastiki chenye bodi na betri ya lithiamu. Kutoka simu mbovu nikang'oa ile mota ya kutetemesha, nikaishonea kwenye mkanda wa kitambaa ambao baba angevaa juu ya kiwiko, mahali ambapo bado anahisi vizuri. Wazo ni rahisi: fimbo ikipata "tik", mkono unatetemeshwa. Nilijivunia sana ule mkanda. Mama ndiye aliyeushona, ingawa alikuwa bado hajabadilisha hukumu. Alisema anashona tu.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kitoto. Inasoma mtikisiko mara 200 kwa sekunde, ukizidi kizingiti fulani inawasha mota. Nikaijaribu uani, mshipi umefungwa kwenye ndoo ya maji na mdogo wangu anauvuta kwa kidole. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Uani kila kitu hufanya kazi.

Tulipofika ziwani, mashua ikasogea tu, mota ikalia. Baba akiinua fimbo, inalia. Wimbi likigonga ubavu, inalia. Ndege akipita sijui kama haikulia. Kosa lilikuwa la wazi: nilikuwa napima jumla ya mambo yote, wakati mvuto wa dunia peke yake ni mkubwa kuliko kila "tik" itakayowahi kutokea. Nikarudi nyumbani, nikaongeza kasi ya kusoma mpaka mara 1,000 kwa sekunde, nikaanza kutoa wastani wa muda mfupi uliopita ili mabadiliko ya polepole, kama kuinua fimbo na kuyumba kwa mashua, yafutike, yabaki yale ya ghafla tu. Nikaongeza sharti kwamba ikiwa kizungushi kinaonyesha fimbo inageuzwa, basi nyamaza, ni mwenyewe anafanya kazi. Nikahifadhi data yote kwenye kadi ya kumbukumbu ili nikachore grafu usiku.

Safari ya pili ilikuwa bora. Jigi ikigonga jiwe mota inatetema, ikikwaruza tawi inatetema, na sisi wenyewe tukajifunza kutofautisha kwa muda: tawi hukwaruza mara nyingi, jiwe hugonga mara moja unapovuta. Baba alianza kufurahi. Saa nne kasorobo hivi mkanda ukatetema huku jigi ikiwa imetulia chini kabisa, hakuna anayevuta chochote. Akavuta. Akatoka besi wa kama kilo moja, akaruka nje ya maji na kutikisa kichwa kama wanavyofanya, na kapteni akapiga mluzi. Nilikuwa tayari kuandika makala hii siku ile ile, na ingekuwa na kichwa cha majigambo.

Lakini mimi nilikuwa nimekamata watatu siku hiyo na baba mmoja, tukirusha kwenye miti ile ile. Mwenye kisanduku ndiye aliyeshindwa. Nikakaa na grafu siku tatu. Nilitafuta hitilafu kwenye programu, nikabadilisha kizingiti, nikapima nyaya. Usiku wa tatu ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza kabla ya kununua hata waya mmoja: hao watatu wangu walichukua jigi wakati gani? Wote watatu walichukua ikiwa inashuka.

Na jigi ikiwa inashuka, mshipi umelegea. Mshipi uliolegea haubebi mtikisiko. Mliocheza utotoni na simu ya makopo mawili na uzi mnajua, uzi ukilegea hakuna sauti. Kwa hiyo hata ningeweka kihisi cha chombo cha anga kwenye ile fimbo, habari haikuwa inafika. Haikupotea njiani ndani ya programu yangu, haikuwahi kutumwa. Na mimi mwenyewe, mwenye vidole vizima, sikuwa nimeihisi. Nilijaribu kukumbuka nilijuaje. Sikuweza. Mwili ulikuwa unajua jambo ambalo mimi sijui.

Safari iliyofuata sikuvua. Nilikaa nikimrekodi kapteni kwa simu, maana naye ni hodari, nikamwomba avue kama kawaida. Nyumbani nikapunguza mwendo wa video. Hatazami ncha ya fimbo. Hatazami maji mahali jigi ilipoingia. Macho yake yako kwenye mshipi, pale unapokutana na maji, na midomo inatikisika. Nilimpigia simu kesho yake, nikamuuliza, "Kapteni, huwa unasema nini jigi ikishuka?" Akacheka, "Nahesabu tu, bro. We huhesabu?"

Nilikuwa nahesabu. Baba ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka sita au saba, na nilikuwa nimesahau kwamba ninafanya hivyo. Kwenye mti wa kwanza unaiacha jigi ishuke mpaka chini huku unahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, mshipi ukasimama kutoka. Sasa unajua kina. Ukirusha tena pale pale na mshipi ukasimama kwenye tatu, chini haijapanda, kuna mdomo. Ukifika tano na mshipi bado unaenda, kuna anayeondoka nayo. Na ukiona mshipi umeruka kidogo au umepinda kwenda kando, usisubiri maelezo. Nilipima jigi yangu ya gramu 10 kwa kamba yenye mafundo, inashuka karibu nusu mita kwa kila hesabu moja. Wenzangu wa programu mnaitambua hii. Unajua jibu linalotarajiwa, unalinganisha na lililokuja, tofauti yoyote ni habari. Haihitaji kidole hata kimoja.

Kwa hiyo nikageuka kwenye vifaa. Mshipi wa baba wa kusukwa ulikuwa wa manjano zamani, lakini sasa umechujuka ukawa rangi ya chai ya maziwa. Nikanunua mpya wa manjano makali. Mshipi wa kusukwa hauvutiki kama ule wa nailoni, kwa hiyo hata ule mtikisiko wa chini hufika ukiwa mzima. Tatizo ni kwamba rangi hiyo samaki naye anaiona, ndiyo maana mwisho unaunga kipande cha mita moja au zaidi cha mshipi wa florokaboni. Huu hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.42, wakati maji ni 1.33 na nailoni karibu 1.53, kwa hiyo unakaribia zaidi kupotea majini. Haupotei kabisa, msidanganywe na matangazo.

La pili lilikuwa jigi zenyewe, na hapa tuligombana kidogo na mzee. Duka zenye vifaa vya jigi za maji baridi Kenya ni za kutafuta kwa tochi, na za kuagiza nje huja na bei ya kukutoa machozi, kwa hiyo yeye miaka yote amemimina zake mwenyewe: risasi kutoka vile vipande vya kusawazisha magurudumu ya gari, anaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, sketi kutoka tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa wembe, kifagio kutoka kwa ufagio wa nailoni. Ni kazi nzuri, na nilikuwa nawaonyesha marafiki. Lakini risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 na vumbi na masizi yake ni sumu ya neva na figo, na mtu wa sukari figo zake tayari ziko mashakani. Kenya hatuna kisingizio cha kutojua, baada ya yale ya Owino Uhuru kule Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwapa watoto wa mtaa mzima sumu hiyo, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Nilimsomea baba hukumu hiyo jikoni. Akasema, "Mimi si kiwanda." Mama akaichukua ile sufuria, na mpaka leo hatujui iko wapi.

Sasa tunatumia jigi chache za tangsteni nilizoagiza. Uzito wake kwa ujazo ni 19.3 dhidi ya 11.3 wa risasi, kwa hiyo kichwa ni kidogo kwa uzito ule ule, na kwa kuwa ni ngumu inagonga jiwe kwa sauti kali zaidi. Haiyeyuki jikoni kwa mtu yeyote, inahitaji zaidi ya nyuzi 3,400. Ni ghali. Tukinasa mti siku hizi kapteni anapiga makasia mpaka pale na tunainasua kwa heshima zote.

La tatu ni la mama. Hukumu yake alikuja kuilegeza kwa masharti, na masharti aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi ambayo iko kwenye mlango wa friji. Baba hafungi jigi, nafunga mimi. Vijino vya ndoana zote vinabanwa kwa koleo vilale, ili ndoana ikiingia mwilini itoke ilikoingilia. Viatu vya kufungwa muda wote ndani ya mashua. Peremende mfukoni, maana sukari ikishuka katikati ya ziwa hakuna duka. Saa tano tuwe nchi kavu, na hilo tungelifanya hata bila yeye, kwa sababu Naivasha asubuhi ni kioo na mchana upepo unaamka, halafu kuna viboko. Na tukirudi, kabla ya chakula, baba anaweka mikono na miguu juu ya kigoda na mama anaikagua kwa tochi, kidole kimoja kimoja. Mzee hulalamika kila mara. Hajawahi kukataa.

Mkanda je? Baba aliuvaa safari mbili zaidi. Jigi ikiwa chini unasaidia, siwezi kusema uongo, na programu ya sasa hupiga kelele za bure mara chache. Lakini safari ya tatu aliuvua akaniwekea mapajani. "Kitu chako hiki kinanisumbua nikihesabu," akasema. Akageukia mti wake. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, jambo ambalo sikuwahi kulijua. Ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ. Akasimama hapo. Mimi nilikuwa natazama kisanduku, sikuona mshipi, niliona tu fimbo ikiinuka na kupinda. Yule samaki aliingia kwenye matawi mara mbili na akatolewa mara mbili. Kapteni alimpima, kilo mbili kasoro kidogo. Kwa maji ya siku hizi huyo ni mkubwa. Baba alimshika kwa mdomo wa chini kama inavyotakiwa, gumba ndani, akaniangalia. "Kwenye tatu," akasema.

Data ya mkanda ya siku hiyo ninayo. Kwa sekunde kumi kabla ya fimbo kuinuka, mstari umenyooka kabisa.

Kuna jambo moja limebaki, na nalisema kwa sababu kuna wasomaji walio na wazazi wenye sukari. Sasa baba anavua kwa macho, na ugonjwa huu huwa unafika kwenye macho pia, huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, na mara nyingi mtu hajui mpaka umeshafika mbali. Ndiyo maana wanaambiwa wapimwe kila mwaka. Yeye alikuwa hajapimwa kwa muda ambao hakutaka kuutaja. Nimempeleka kliniki moja hapa Nakuru wakampa tarehe, na tarehe yenyewe ni Jumamosi ijayo asubuhi. Jana jioni alinipigia simu, na akiwa na jambo huanza na habari za hali ya hewa. Akasema wiki ijayo inaonekana upepo utachelewa kuamka. Halafu akauliza kama hao watu wa macho hufanya kazi Jumatatu.

Nimemwambia hawafanyi.